Mtumbwi Ulioombewa

Mwanambuzi wa pili naye alitoka amekufa. Evodia alimpokea kwa mikono yake, akamfuta pua, akampuliza mdomoni, akamshika miguu ya nyuma na kumbembeza huku na huku kama alivyowahi kuona wafugaji wakifanya. Wapi! Alikuwa mkubwa tu wa umbo, siku zake zilitimia, lakini hakuwa na manyoya hata kidogo. Na chini ya taya alikuwa na uvimbe kama yai la bata. Wa kwanza, yule wa mwaka jana, alizaliwa hivyo hivyo, na Evodia alimzika nyuma ya migomba bila kumwonyesha mtu.

Mbuzi mwenyewe, Neema, alisimama akilamba kile alichokizaa, akalamba, akaacha, akaangalia pembeni. Alikuwa mbuzi wa maziwa, mweupe, wa mradi wa usharika: unakopeshwa mbuzi, unalipa mbuzi. Jike la kwanza atakalozaa linakwenda kwa jirani anayefuata kwenye orodha, na wewe unabaki na mama yake. Kwa hiyo pale Nshamba mbuzi wa Evodia hakuwa wa Evodia peke yake. Tumbo la Neema lilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wanasubiri.

Habari mbaya hazihitaji simu, lakini siku hizi zina simu. Kabla kondo la nyuma halijaanguka, Mzee Kagaruki alikuwa ameshafika langoni na fimbo yake. Alikuwa karani wa kahawa enzi zake. Sasa ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya mbuzi, kazi anayoifanya kama vile ana bunge mbele yake.

"Bwana asifiwe, Mama Kamala."

"Amina, Ta Kagaruki."

"Huyu mbuzi unamfunga kwa kamba gani?"

"Ya katani, Ta."

"Shingoni?"

Evodia alitaka kumuuliza kama yeye hufunga mbuzi mkiani, akameza, akajibu kwa heshima ya Kihaya. "Shingoni, waitu."

Mzee akaugeuza mwili wa mwanambuzi kwa ncha ya fimbo. "Ndiyo hiyo. Mama akikazwa shingo, mtoto anavimba shingo. Jambo liko wazi kabisa." Kisha akashusha sauti, ingawa wanawake wawili walikuwa wameshasimama barabarani wamekaza masikio. "Na nikwambie ukweli, kuna wanaosema yule wa kwanza hakufa. Wanasema alikwenda mnadani."

"Nilimzika!"

"Nani alimwona?"

Hakuna aliyemwona.

"Jumapili baada ya ibada kamati itakaa hapa kwako," mzee akasema. "Jiandae. Mbuzi atakwenda kwa Celina. Yeye ndiye anayefuata, na miaka miwili kusubiri si mchezo."

Alipoondoka, wanawake wa barabarani nao wakakumbuka kuwa wana safari. Evodia akabaki na maiti ya mwanambuzi mapajani. Kupoteza mbuzi kuliuma, maziwa yale ndiyo yaliyokuwa yanatia sukari na sabuni ndani ya nyumba. Lakini kuitwa mwizi wa mbuzi wa kanisa, hilo huliogi ukatakata. Na juu ya yote hayo kulikuwa na kitu kingine kilichomkera, na ndicho kilichomfanya asichukue jembe: hakuiamini ile kamba. Mbuzi wote wa Nshamba wanafungwa shingoni. Mbona wao wanazaa?

Akaingia ndani, akatoka na wembe.

Mume wake, Mushumbusi, alimkuta ameinama nyuma ya banda, mikono imelowa damu hadi kwenye vifundo. "Mama Kamala! Unachinja mfu?"

"Nasoma," akajibu bila kuinua kichwa.

Na kweli alikuwa anasoma. Huyu mama amechinja na kuchuna mbuzi wa harusi na wa misiba kupita hesabu. Shingo ya mbuzi anaijua kama jikoni kwake. Pale pembeni ya koromeo huwa kuna vinyama viwili, kila kimoja kama punje ya haragwe, ambavyo hutupiwa mbwa bila kufikiriwa. Kwa huyu, zile punje mbili zilikuwa mapande mawili mekundu ya kuiva, kila pande linajaza kiganja.

"Njoo uone, Baba Kamala. Hii si kamba. Kamba inavimbisha ngozi. Hiki kimekua chenyewe, kutoka ndani."

"Zika," Mushumbusi akasema, akageuza uso.

Hakuzika. Alikata mapande yale, akayatia kwenye kopo la siagi, akayamwagia chumvi kama samaki wa kusafirisha, akafunga kifuniko kwa mpira.

Jumanne alikuwa Bukoba mjini, mbele ya ofisi ya mifugo, na kopo lake ndani ya mfuko mweusi. Mlinzi alinusa, akakunja pua. "Mama, wauza nyama wako sokoni, siyo hapa." Evodia akamwambia hauzi nyama, anauliza swali. Mlinzi akacheka, akamwonyesha benchi, na pale benchini alikaa mpaka saa saba, watu wenye ng'ombe wa maana wakiingia na kutoka.

Daktari mwenyewe, Hellen, alikuwa binti mdogo kuliko alivyomtegemea, mzaliwa wa Kagondo, hapo hapo manispaa. Alimsalimia kwa Kihaya, akafungua kopo, akakodoa macho.

"Maawe! Umetia chumvi?"

"Isioze, waitu."

Hellen akacheka, si cheko la dharau. "Chumvi ungempa mama yake. Hii ungeiweka kwenye barafu tu. Haya, mkono wako uko safi? Lete." Akamshika Evodia kidole, akakiweka kwenye shingo ya Evodia mwenyewe, chini ya koromeo. "Meza mate. Umesikia kitu kinapanda? Hapo hapo ndipo ilipo. Tezi. Wewe unayo, mimi ninayo, mbuzi anayo. Kazi yake ni kupika homoni inayouambia mwili uote manyoya, ukue, upate joto. Homoni ikipungua, ubongo unaifokea tezi: pika! Tezi inajitanua ili ipike zaidi. Homoni bado haitoshi. Inafokewa tena, inajitanua tena."

"Kama mtu anayezidi kukoroga chungu kisicho na moto."

Daktari akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Umesoma wapi wewe?"

"Darasa la saba, Kamachumu. Sasa, daktari, moto kauzima nani?"

"Hilo ndilo swali lenyewe. Unampa chumvi?"

"Ya dukani, yenye madini joto. Kila wiki."

"Kabichi? Majani ya muhogo? Hivyo navyo huizuia tezi."

"Hapana. Matete, maganda ya ndizi, pumba kidogo."

Hellen akagongagonga kalamu mezani. "Kuna na sumu. Dawa za shambani, hasa hizi za ukungu, baadhi yake zikiingia mwilini kidogo kidogo zinaizuia tezi isipike. Mama mwenyewe unaweza kumwona mzima, anakula, anatoa maziwa. Anayelipa ni aliye tumboni." Kisha akainua mkono. "Lakini sikuapii. Kupima sumu hapa hatupimi. Nikituma kipande hiki huko kwa wenye maabara, majibu ni miezi."

"Jumapili wanamchukua."

"Basi usimwangalie maiti, mwangalie aliye hai. Kaa naye siku mbili tatu. Kila kinachoingia mdomoni mwake, andika. Kila kitu, hata kile unachokiona hakina maana."

Jumatano watu wa Nshamba walipata kichekesho cha bure. Mama Kamala alimfuata mbuzi wake na daftari la zamani la mwanawe pamoja na penseli sikioni, kama askari kanzu. Neema akila tete, anaandika tete. Neema akitafuna mfuko wa nailoni, anamnyang'anya na kuandika nailoni. Neema alitafuna hata pindo la kanga ya Evodia, na hilo nalo likaandikwa, saa nne na nusu, kanga. "Mama Kamala ameajiriwa ukarani na mbuzi," jirani akamtania kutoka kwenye kahawa zake. "Mshahara wake samadi!" Evodia akacheka naye, lakini jioni alipoyasoma aliyoyaandika hakuona lolote. Kila kilichokuwamo hata mbuzi wa jirani hukila.

Alhamisi ilikuwa siku ya nyanya, kwa hiyo daftari likakaa pembeni kidogo.

Nyanya ndizo zinazoendesha nyumba ya Mushumbusi. Mnunuzi wake ni Ndalahwa, Msukuma anayepeleka mboga kwa wavuvi wa visiwani, na Ndalahwa hataki nyanya inayolia njiani. Anataka nyanya ikae siku kumi katika joto la kisiwa, ikae ngumu. Mushumbusi alijifunza kutoka kwa wenzake namna ya kuifanya ikae. Kila Jumatatu na Alhamisi humimina maji mtumbwini, hutia unga wa manjano wa dawa ya ukungu, hukoroga kwa mti, halafu nyanya zilizochumwa huzamishwa humo na kutandazwa juu ya magunia zikauke. Zinazokauka zinaingia kwenye matenga ya Ndalahwa. Zile ndogo na zenye michubuko anazozikataa zinawekwa ndooni barabarani, majirani wanajinunulia.

Tuuseme huo mtumbwi, maana mgeni anaweza kudhani tuko ziwani. Ni gogo lililochongwa ndani, refu kama mtu aliyelala, la kukanyagia ndizi za kutengenezea rubisi, pombe ya ndizi. Uliachwa na baba yake Mushumbusi, ambaye rubisi yake ilijulikana mpaka Muleba. Mushumbusi alipookoka ilisemwa uchomwe. Lakini mbao ile! Haivuji, haiozi, hata mwinjilisti mwenyewe aliuzunguka akasikitika. Basi wakaafikiana: ukawekewa mikono na kuombewa, roho ya ulevi ikaamriwa itoke. Tangu siku hiyo hapakuwa na chombo kisafi nyumbani mle kama mtumbwi. Nyanya zikiisha, Evodia anausuuza kwa maji matatu, anaujaza maji mapya, na mpaka siku nyingine ya nyanya unakuwa wa Neema kunywea. Kagaruki mwenyewe, alipokuja kukagua, aliandika kwenye ripoti kwamba usharika mzima hakuna mbuzi mwenye chombo bora kuliko hicho.

Alhamisi ile Evodia alifanya kama kawaida. Akasuuza mara moja, mara mbili, mara tatu. Akajaza. Akamwita Neema, Neema akaja, akazamisha mdomo. Evodia akachomoa penseli sikioni na kuandika: saa tisa, maji.

Mkono ukasimama.

Maji ya wapi?

Ya bombani, ndiyo. Lakini bombani hanywi. Anayanywa wapi?

Akavua kitambaa cheupe cha kichwani, akakilowesha, akainama akasugua ubavu wa mtumbwi kwa ndani, pale kwenye nyufa ndogo za mbao. Akakitazama. Kilikuwa cha manjano.

"Neema, hapana! Toka! Toka!" Alimsukuma mbuzi kwa bega, mbuzi akalia, maji yakamwagika miguuni pao wote wawili. Kisha akakaa chini pale pale kwenye matope. Ni kweli alifurahi, na si vizuri kuficha: alisikia furaha ya mtu aliyefungua kufuli alilolihangaikia siku nyingi. Furaha ile haikudumu. Maana ni nani aliyekuwa anasuuza mtumbwi, akaujaza, akamwita mbuzi kwa jina aje anywe? Si adui, si mchawi. Ni yeye, kwa mikono yake, na kwa upendo.

"Dawa hiyo hiyo tunapulizia shambani," Mushumbusi alisema aliposikia. Alikuwa anapanga nyanya kwenye tenga, na hakuacha kupanga. "Dunia nzima wanapulizia. Mbona hatufi?"

"Shambani unapuliza, mvua inanyesha, siku zinapita ndipo tunachuma. Hizi unazizamisha zikiwa zimeshachumwa. Baba Kamala, nikuulize. Nyanya za kula humu ndani, kwa nini tunazitoa kabla hujazamisha?"

Mushumbusi akaigeuzageuza nyanya moja mkononi.

"Kwa nini?"

"Zina harufu," akasema mwishowe.

"Haya."

Mushumbusi akaiweka chini nyanya aliyoishika, na sauti yake ikawa ya kuomba, jambo ambalo Evodia hakulizoea. "Jumapili sema ni kamba. Kamba ni kosa dogo, unakemewa, unasamehewa. Wakimchukua mbuzi, wamchukue, nitakutafutia mwingine. Lakini ukiutaja mtumbwi watauliza dawa ya nini, na ukisema dawa ya nini, Ndalahwa atasikia kabla ya jua kuzama. Kamala anasoma kwa nyanya hizi."

"Mficha maradhi..."

"Najua! Usinimalizie methali." Akainua tenga begani akaondoka.

Jumapili walikuja watu saba wa kamati, na Celina juu yao, wakapewa viti, na waliokosa viti wakakalia benchi la jikoni. Mwinjilisti alifungua kwa sala. Celina alikaa mwisho wa benchi, msichana wa miaka ishirini na minne aliyeolewa mtaa wa pili, mimba yake ya kwanza imemjaa mapajani. Hakumtazama Evodia. Mtu anayekuja kuchukua mbuzi wa mwenzake, macho atayaweka wapi?

Kagaruki alisimama na kamba mkononi, ameifungua mwenyewe shingoni mwa Neema. "Ndugu zangu katika Bwana," akaanza, "kosa ni hili hapa."

"Naomba kusema, Ta."

"Utasema, Mama Kamala, kamati ikishamaliza."

"Kamati ikishamaliza mbuzi atakuwa ameondoka."

Mtu mmoja akacheka, Kagaruki akamgeukia, na Evodia akaitumia nafasi hiyo. Akaeleza yale mapande mawili, akawaambia wajiguse koo na wameze mate, na watu saba wa kamati wakakaa pale wakimeza mate kwa utii, akiwemo mwinjilisti. Akawasomea daftari. Alipofika kwenye kanga wakacheka mpaka Celina akacheka. Alipofika saa tisa, maji, akasimama, akawaongoza uani, akalowesha kitambaa kingine cheupe na kusugua mtumbwi mbele ya macho yao.

Kitambaa kikapita mkono kwa mkono.

"Hii ni dawa ya ukungu," Evodia akasema. "Neema ameinywa katika mimba zote mbili, na aliyemnywesha ni mimi. Sikujua. Daktari wa mifugo anasema dawa za namna hii zinaweza kuizuia tezi ya mtoto tumboni. Hakuniapia, na mimi siwaapii. Lakini kamba haitoi rangi ya manjano."

"Mtumbwi huu si uliombewa?" mwinjilisti akauliza, kama mtu aliyeonewa.

"Uliombewa pombe, waitu. Dawa hakuna aliyeiombea."

Kicheko kilichotoka hapo kilimchukua hata Kagaruki, ingawa alijitahidi kukigeuza kikohozi. Alikuwa mtu wa kujikweza, lakini hakuwa mtu mbaya. Na tena ile ripoti ya chombo bora ilikuwa na sahihi yake. Akaizungusha ile kamba mkononi, akaikunja, akamrudishia Evodia kwa mikono miwili.

"Mbuzi abaki," akasema. "Anywee ndoo. Na huyu mama, tumemsema vibaya. Mimi wa kwanza. Tusameheane."

Watu wakaitikia. Evodia alikuwa amepata vyote alivyovitaka wiki nzima, mbuzi wake na jina lake, na alikuwa anafungua mdomo kushukuru.

"Lakini dawa iliingiaje mtumbwini?" Celina akauliza.

Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza njia. Evodia akamtazama mumewe. Mushumbusi alikuwa ameegemea nguzo ya banda, anatazama viatu vyake vya kanisani. Jibu jepesi lilikuwepo, limekaa tayari kwenye ulimi: tulichanganyia ya kupulizia shambani. Nani angeuliza zaidi? Wangekunywa chai wakaenda zao.

"Tunazamisha nyanya," Evodia akasema. "Zikae siku nyingi."

"Zile za kwenda visiwani," Celina akasema.

"Zote. Na za ndooni."

Aliyekuwa ameshika kitambaa akakiweka chini polepole. Celina akakaa ukingoni mwa kisima cha maji ya mvua.

"Mimi nazila mbichi," akasema. "Kula udongo nilikinai, nikahamia nyanya. Kila siku, Mama Kamala. Nanunua kwako kwa sababu ni ngumu, tamu kutafuna. Miezi saba." Akamtazama Evodia usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Mtoto wangu je?"

Wiki nzima Evodia alikuwa ameuliza na kujibiwa, ameuliza na kujibiwa. Sasa aliulizwa yeye, na alitafuta kichwani kote, kwa Hellen, kwa daftari, kwa yale mapande mekundu, hakukuta kitu cha kumpa.

"Sijui," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Sijui, Celina. Yule ni daktari wa mbuzi. Labda hakuna lililoharibika. Kesho asubuhi twende hospitali, mimi na wewe, tuulize."

Mushumbusi akajitoa kwenye nguzo. Wote wakamgeukia, na Evodia alijikaza, maana hakujua mumewe anakuja kufanya nini.

"Tutakwenda watatu," Mushumbusi akasema, bila kumtazama yeyote. "Watauliza jina la dawa. Pakiti ninayo mimi."

Akaingia ndani kuitafuta.